Shuka la Kung'aa Darini

Mishi hakuwa ametimiza arobaini ya uzazi, na mama mkwe hakutaka hata kusikia habari ya kutoka nje. Lakini chumba kilikuwa cha bati, na kila adhuhuri mtoto alilia kwa joto mpaka akaliacha ziwa. Alikuwa anakonda.

"Mtoto anaiva huyu, na wewe umejikalia tu kama bibi harusi!" alisema wifi yake, Chausiku, akiwa juu ya ngazi karibu na kitanda, kichwa kimezama ndani ya dari.

"Nitoke wapi, wifi, na mama yako kaketi mlangoni?"

Chausiku alicheka. Alikuwa ameokota pakiti za biskuti na za maziwa ya unga, akazipasua, akazishona zikawa shuka moja la kung'aa la kuzuia joto la bati. Mara ya kwanza alilibandika kwenye bati lenyewe, na joto likapita vilevile. Tangu asubuhi alikuwa akilibandua na kulitundika upya kwa kamba, upana wa kiganja kizima chini ya bati, ili hewa ipite katikati.

"Shuka basi unywe maji, wifi yangu."

"Maji baadaye. Anafanyaje huyo?"

Mishi akatazama. Bati lilikuwa likialika ta, ta, kwa jua la saa saba, lakini mtoto alikuwa ananyonya, polepole, macho ameyafumba.

"Ananyonya," alinong'ona.

Juu, Chausiku akakaza fundo la mwisho la kamba. Kisha tone la jasho la Chausiku likamdondokea Mishi mkononi, na yeye hakulifuta.