Kanga Isiyo na Jina

Siku mwandiko wa mume wangu ulipotoweka, nilikuwa naanua nguo uani. Kanga niliyojifunga ikageuka nyeupe. Maua yakaenda, na jina lake likaenda: Sukari ya nini, nawe upo. Ndivyo mume wangu Mbwana alivyonijibu kila nilipomletea chai na kumuuliza kama nitie sukari, na siku moja aliyaandika maneno hayo kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Nilipiga picha kabla ukuta haujapakwa rangi. Alipofariki nilimtumia picha hiyo mchoraji mmoja wa Peru, akatuchorea kanga ya arobaini.

Nikapiga simu ofisi ya serikali inayosimamia haki za michoro ya wasanii wa nje.

"Umelindwa, mama," alisema mwanamke wa huko. "Mchoraji akinyamaza mwaka mzima bila kutamka 'nimekuachia uutumie', sheria huufuta mchoro popote ulipo, asije mtu akakushtaki."

"Kwani amekufa?"

"Hajibu tu."

"Basi chukueni maua yake. Mwandiko ni wa mume wangu."

"Umo ndani ya mchoro, mama. Pole."

Hata kwenye simu yangu, ile picha ya ukuta ilikuwa tupu.

"Yaani kaka yangu kafa mara mbili," alisema wifi yangu Saumu nilipomsimulia, "na mara ya pili kwa faida yako!" Tukacheka. Kisha akachora ile S ya Sukari mezani kwa kidole. "Aliikunja hivi, au hivi?"

Nilisema ndiyo kwa zote mbili.

Kanga ninayo bado. Kila Ijumaa najifunga, na sijui upande wa juu ni upi.