Ufa wa Jikoni

Sekela hakuweza kutulia. Kampuni yake ndogo ya ujenzi haikuwa imepata kazi tangu masika, na mafundi wake walishaanza kutafuta vibarua kwingine. Leo Bwana Lubuva, aliyetaka kujenga nyumba ya wapangaji, alikubali kuja kuona nyumba ambayo Sekela alimjengea Bibi Nambua.

Bibi aliwatembeza vyumbani akisifu kila kitu. Jikoni, Bwana Lubuva akasimama mbele ya ufa ulioshuka kutoka dirishani.

"Na huu?"

"Ah, ni rangi tu hiyo, baba," Bibi akawahi kujibu, akimkonyeza Sekela.

Sekela angeweza kunyamaza. Akapitisha kidole juu ya ufa.

"Sijui bado, mzee," alisema. "Bibi, niruhusu nibomoe kidogo."

Akaleta nyundo na tindo, akaanza kugonga. Plasta ikadondoka vipande vipande. Ufa haukuishia hapo. Ulikuwa umeingia hadi kwenye matofali.

"Siyo rangi," Sekela alisema. "Ukuta umepasuka. Nimeujenga mimi, na nitaujenga upya mimi, Bibi. Kwa gharama yangu."

Bibi Nambua akashika kiuno. Bwana Lubuva akatoka nje bila kuaga. Mlango wa gari ukafunguliwa, ukafungwa. Sekela hakugeuka, akazidi kugonga.

Bwana Lubuva aliporudi alikuwa ameacha koti garini na kukunja mikono ya shati. Akasogea hadi ukutani, akainama kuchungulia ndani ya ufa, na vumbi likaendelea kutua juu ya viatu vyake vyeusi.