Kupima Moto

Wageni wa posa walifika umande haujakauka, na mikono ya Mukandori ilikuwa bado haijaamka.

Usiku kucha viungo vilimuuma kama vimekanyagwa na ng'ombe. Kukipambazuka vidole huwa vimejikunja, havishiki kitu mpaka jua lipande kilima. Vidonge vya masista wa misheni vilikwisha tangu Pasaka, ikabaki dawa moja, chungu cha maji ya moto. Binti yake humwandalia kila alfajiri, na hutangulia kutia mikono yake mwenyewe.

"Ngoja, Mama, nipime moto kwanza," husema, kisha hukawia humo. Mukandori alidhani huo ni upendo tu.

Leo maji hayakuwahi. Mama wa kijana anayeposa alikwisha simama mbele yake, akimnyoshea kibuyu cha maziwa.

"Pokea, Mama. Mikono yote mbili, sawa vile tunafanyaka."

Kuyamwaga ni kuvunja ndoa. Kutoyapokea ni kusema yana sumu.

"Mama iko na homa," binti akadakia. "Mimi njo nitapokea."

Akanyosha mikono. Mukandori akashusha pumzi.

Kisha akaona. Binti hakukishika kibuyu kwa vidole. Alikibana kwa vifundo vya mikono, viwiko vimegandamia mbavu, vilevile Mukandori abebavyo kila kitu kabla ya jua kutoka.

Mgeni naye aliona. Hakukiachia kibuyu.

"Mutoto," akasema polepole, "fungula mikono."