Magoti ya Tunu

Tangu mikanda ya kupima uchovu wa magoti ianze kuchagua timu, Tunu hachuchumai nyumbani. Yeye ni mlinda wiketi wa kriketi, kazi yake kuchuchumaa nyuma ya vijiti mechi nzima na kudaka mipira, na mkanda hauulizi alichuchumaa wapi. Kuogesha mtoto, kufua, kupuliza jiko, vyote ni uchovu. Ukizidi, jina linaondolewa, wala hakuna kocha wa kumbembeleza.

Jioni ile timu ya taifa ilikuwa itangazwe. Tunu alisimama uani na simu mkononi. Mkanda ulishaanza kumchoma goti, onyo kwamba kikomo kimekaribia. Mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, alikuwa amechuchumaa kwenye beseni la vyombo.

"Mama Shomari, tazama!"

Shomari, mwana wa Tunu ambaye hakuwa ametembea bado, alikuwa ameachia ukuta. Akapiga hatua, akayumba, akapiga nyingine, macho kwa mama yake.

"Njoo, baba, njoo." Tunu alinyoosha mikono, ikaishia juu ya kichwa cha mtoto.

"Chuchumaa umpokee!"

"Siwezi, mama. Bado kidogo tu watangaze."

"Basi si uiname?"

"Kuinama nako kunahesabiwa."

Mtoto akafika, akayashika magoti ya mama yake, akatazama juu. Akangoja. Kisha akayaachia, akaenda kwa bibi yake, mikono iliyojaa povu ikampokea.

Simu ikalia. Tunu amechaguliwa, msimu mzima.

"Hongera, mwanangu," Bi Mwanaidi alisema bila kuinua macho.

Tunu akamwita Shomari. Mtoto aligeuka, akamtazama magotini.