Jibu Kutoka Zahanati

Tangu mafuriko yalipolibeba daraja, hakuna aliyejua nani amepona ng'ambo ya mto. Kila asubuhi Zamda, fundi wa mitandao, aliiita kwa mtandao kompyuta ya zahanati ya ng'ambo alikofanya kazi dada yake Mwatumu. Kila asubuhi mtambo wa mlimani, unaopitisha mawasiliano, ulimrudishia maneno yaleyale: kompyuta haifikiki.

Siku hiyo ukungu ulikuwa umeingia hadi ofisini, na Zamda aliona kama yumo ndotoni. Akaita tena. Jibu likaja polepole: mlango umefungwa.

Mzee Shomvi, fundi mwenzake, alichungulia. "Kosa lingine tu. Pole, mwanangu."

"Hapana, mzee. Tazama limetoka wapi."

Shomvi akainama, akasoma. Halikutoka mlimani. Kompyuta ya zahanati yenyewe ndiyo iliyowakatalia, na kompyuta iliyozimwa haiwezi kukataa.

"Basi umeme umerudi kule," alinong'ona.

"Na ile haijiwashi, mzee. Kuna mtu ameiwasha."

Nani, Zamda hakuthubutu kuuliza. Machozi yakimlengalenga, aliweka kiganja juu ya kioo cha kompyuta yake. Kilikuwa na joto kidogo, kama paji la uso la mtu aliyelala.