Biblia Iliyokwama kwa Bibi Ndekusara

“Biblia naijua kumshinda mchungaji,” Bibi Ndekusara alipenda kujisifu, kisha akaongeza, “ukurasa mmoja, lakini.”

Biblia za siku hizo hazikufunua ukurasa mpya mpaka mwenyewe atende alichosoma. Yake iling'ang'ania pale pa kupatana kwanza na ndugu yako. Mbuzi wa jirani, Mama Elinipa, alikuwa amekula kabichi za Bibi, naye Bibi akamtukana mwenye mbuzi pamoja na marehemu mumewe. Tangu hapo hawasalimiani.

Sasa jumuiya imekuja kusali kwake, na msomaji aliyekwama hupokonywa usomaji. Kusoma mbele za watu ndiyo raha aliyobaki nayo.

“Bibi, umepatana na jirani?” aliuliza mwinjilisti Kirita.

“Tangu asubuhi! Nimempelekea jani la isale, nikamwomba msamaha kama wazee wetu.”

Watu wakamgeukia Mama Elinipa, aliyekaa kwenye kigoda na Biblia yake, nayo imekwama palepale. Bibi akafumba macho kungoja aibu.

“Kweli kabisa,” alisema Mama Elinipa. “Nimelipokea. Nami nikaomba radhi kwa ajili ya mbuzi, tukalia, tukanywa chai.”

“Ya maziwa,” akadakia Bibi, moyo kwatu.

“Bwana asifiwe!” alisema Kirita. “Basi fungueni, mama zangu, mtusomee wote wawili.”

Bibi akavuta ukurasa kwa kidole, akavuta kwa kucha. Mama Elinipa akaibana yake magotini, akavuta mpaka kilemba kikamdondoka. Hakuna iliyofunguka.