Adabu za Semeni

Wodi nzima ilimjua Semeni, mtoto mwenye selimundu na mdomo usio na breki. Jana tu alimwambia Nesi Batuli anatembea kama bata aliyeshiba. Leo alilala kimya, akasema taratibu, "Shikamoo, nesi."

Bibi yake akafurahi. "Alhamdulillahi! Mjukuu wangu kapata adabu."

"Adabu gani, bibi? Huyu ana maumivu!"

Batuli akakimbilia dawa, akampa, akamnywesha maji, kisha akakaa kitandani akimkanda miguu kwa kitambaa cha maji ya moto.

Baada ya muda mrefu Semeni akafumbua jicho moja.

"Ulivyokimbia," akasema, "hata bata angekucheka."

Bibi akajifunika uso kwa kanga. Batuli akainama kufunga kamba za viatu, mabega yakimtikisika.